MAISHA YA SITI BINTI SAAD NA FAIDA YA MOYO MKUNJUFU



Muhula huu sisi wa kidato cha nne tumetakiwa kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha fariki, na aeleze ni sifa gani ya mtu huyo inayoweza kutufaa sisi tulio shuleni. Wenzangu wengi wamechagua wapiganaji na viongozi wa nchi, nao wamefanya vyema, kwa sababu mji wetu wa Songea wenyewe una jina la mpiganaji. Mimi nimemchagua mwanamke aliyeuza vyungu. Hakushika mkuki wala hakusoma shule, lakini sauti yake ilisikika Unguja, Mombasa, Dar es Salaam na hata Bara Hindi. Jina lake ni Siti binti Saad, na sifa ninayotaka kuieleza ni moyo mkunjufu.

Kwanza ni lazima nieleze maana ya maneno haya, maana mabwenini huku tunayatumia ovyo. Mtu akicheka kila saa husemwa kuwa ana moyo mkunjufu. Mtu asiyejali mtihani wala zamu yake ya kufagia husemwa hivyo hivyo. Hasha! Mtu wa namna hiyo ni mzembe aliyechangamka tu. Moyo mkunjufu ninaousema mimi ni ule unaoitazama shida kwa ukubwa wake wote, usiifiche wala usiipunguze, kisha ukatafuta ni jambo gani linaloweza kutendwa leo hii, ukalitenda kwa bashasha. Moyo wa namna hiyo ni nguvu kama ilivyo nguvu ya mkono, na tena huongezeka kwa kutumiwa. Maisha ya Bibi Siti ndiyo ushahidi wangu.

Siti alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kusini mwa kisiwa cha Unguja, karibu na mwaka wa 1880. Baba yake, Saad, alikuwa wa asili ya Kinyamwezi, na mama yake alikuwa wa asili ya Kizigua. Wote wawili walizaliwa Unguja, nao walikuwa watu wa hali ya utumwa. Mtoto wao hakuitwa Siti siku ile. Aliitwa Mtumwa. Fikirini, wasomaji, mtoto mchanga asiye na kosa lolote, kila akiitwa aje kula, aje kulala, aje kuchota maji, anakumbushwa kwa jina lake kwamba yeye ni mali ya mtu.

Sisi watu wa kusini hatuhitaji kuelezwa sana habari za utumwa. Katika karne ya kumi na tisa misafara iliyotoka pande za Ziwa Nyasa ilipita katika nchi zetu hizi za Ruvuma kwenda Kilwa, na kutoka Kilwa watu walipakiwa katika majahazi wakapelekwa Unguja. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka wa 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kukubaliwa na sheria hadi 1897. Mwaka huo Siti alikuwa na umri wa miaka 17 hivi, yaani umri nilio nao mimi leo ninapoandika maneno haya. Sheria ilivunja utumwa, ama dharau haikuvunjika. Watu wa mjini waliendelea kumpima mtu kwa asili yake, kwa nguo yake na kwa matamshi yake, na kaniki ilikuwa bado inajulikana kuwa vazi la watumwa.

Kazi ya nyumbani kwao ilikuwa kulima na kufinyanga. Mama yake alifinyanga vyungu, na binti akavichukua kwenda kuviuza. Wale mnaotoka vijijini mnaijua kazi hiyo. Udongo wa mfinyanzi huchimbwa, huchambuliwa changarawe, hukandwa mpaka ulainike, kisha huviringishwa na kupandishwa ukuta kidogo kidogo kwa vidole. Chungu kikisha kulainishwa huanikwa kivulini siku kadhaa, ndipo kichomwe. Hapo kwenye moto ndipo penye majaribu: chungu kilichobaki na upepo ndani ya udongo hupasuka, na kazi ya siku nyingi ikawa vigae. Na vile vilivyosalimika navyo havijawa fedha bado. Kutoka Fumba hadi mjini ni mwendo wa kilomita zisizopungua 15, na mzigo wa vyungu hauna mchezo, kwa maana mchukuzi akijikwaa mara moja tu, biashara imekwisha.

Msichana huyu aliyeitwa Mtumwa alikwenda njia hiyo na ngata kichwani, akinadi vyungu vyake. Husimuliwa kwamba alinadi kwa kuimba, na sauti yake ikatangulia mbele yake, hata watu wakajua anakuja kabla hawajamwona. Hapa ndipo naliona jambo la kwanza. Hakuwa na mwalimu wa muziki, hakuwa na ala, hakuwa na jukwaa. Alikuwa na kazi ngumu ya kunadi vyungu. Mwingine angenadi kwa kununa, kwa sauti ya kulalamika, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alinadi kwa wimbo. Kazi ile ile, jua lile lile, mzigo ule ule. Lakini siku zote hizo za kunadi zilikuwa zinamkomaza koo na kumpanua kifua bila ya yeye kujua. Kama angeichukia kazi yake na kuinyamazia, sauti yake ingekufa pale pale Fumba.

Mwaka wa 1911 alihama shamba akaenda kukaa mjini Unguja ili atafute maisha bora. Alikuwa amekwisha kutimiza miaka kama 30. Nataka wenzangu wauangalie sana umri huo. Sisi tukifikisha miaka 17 bila kujua tutakuwa nani, tunadhani dunia imetupita. Siti alipoingia mjini hakuwa na elimu ya shule wala ya chuo cha Kurani, na umri ambao watu wengi huuhesabu kuwa wa kujifunza ulikuwa umekwisha kupita.

Katika siku zile muziki wa taarabu ulikuwa ni starehe ya wakubwa. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeuleta kutoka Misri, akamtuma na mtu wake kwenda Kairo kujifunza kupiga ala. Baadaye, mwaka wa 1905, mwaka ule ule ambao babu zetu wa huku kusini walianza kupigana vita vya Majimaji, kikaundwa mjini Unguja chama cha muziki kiitwacho Nadi Ikhwani Safaa. Nyimbo ziliimbwa kwa Kiarabu, waimbaji walikuwa wanaume, na wasikilizaji walikuwa watu wenye nafasi. Mwanamke wa shamba, tena wa asili ya utumwa, hakuwa na mahali pa kukaa katika baraza kama hiyo.

Basi mtu mmoja wa chama hicho, jina lake Ali Muhsin, akaisikia sauti ya Siti, akastaajabu. Akamchukua akamfundisha kuimba na kupiga ala, kisha akamjulisha kwa wanamuziki wenzake. Hapa nasimama kidogo. Najua wapo watakaosema kwamba Siti alibahatika tu kukutana na mtu mwema. Ni kweli, alibahatika, nami sitaki kumnyima Ali Muhsin heshima yake, maana mtu anayeona kipawa cha mnyonge na kukiinua amefanya jambo kubwa. Lakini bahati ilimkuta Siti anaimba. Ingemkuta amenyamaza, ingepita zake. Na baada ya bahati ilikuja kazi. Siti alijifunza nyimbo za Kiarabu akiwa hawezi kusoma, kwa hiyo kila neno ilikuwa lazima aliingize kichwani kwa kusikia, alirudie, alitamke sawasawa mbele ya watu walioijua lugha hiyo vizuri na waliokuwa tayari kumcheka akikosea. Sisi tunaolalamika kukariri kanuni za fizikia zilizoandikwa ubaoni na katika daftari, na hapaswi mtu kutucheka, tumtazame huyo.

Polepole likapatikana kundi lake mwenyewe, wakiwamo Subeti, Buda Swedi, Mbaruk na Mwalimu Shaaban. Wakaanza kualikwa arusini na katika sherehe. Alipata kuimba hata mbele ya Sultani na mbele ya matajiri wa mjini. Na katika safari hiyo jina la Mtumwa likaachwa nyuma, akaitwa Siti, neno lenye maana ya bibi mwenye heshima. Jina la kwanza alipewa kwa sababu ya hali aliyozaliwa nayo. La pili alilipata kwa kazi yake.

Jambo alilolifanya Siti katika taarabu si dogo. Aliimba Kiarabu, naam, lakini zaidi aliimba Kiswahili. Taarabu iliyokuwa ikisikilizwa na wachache kwa lugha ya wachache ikawa sasa inaeleweka na mpishi, mchukuzi, mvuvi na mama muuza vitumbua. Watu wa Ng'ambo, yaani upande wa mji walikokaa watu wanyonge, wakasikia mambo yao wenyewe yanaimbwa: mapenzi yao, ugomvi wao, dhuluma walizotendewa. Kwa njia hiyo mtu aliyedharauliwa kwa sababu ya lugha na asili yake aliifanya lugha hiyo hiyo kuwa fahari.

Lakini mti wenye matunda ndio upigwao mawe. Sifa za Siti zilipoenea, waliomwonea wivu wakamtungia nyimbo za kumdhihaki. Walimkumbusha shamba alikotoka na nguo duni alizokuja nazo, na walimcheka kwamba hana uzuri wa sura. Kila mwanafunzi wa bweni anajua uchungu wa wimbo wa kutungiwa. Kofi huisha, bali wimbo hurudi usiku mtu akiwa kitandani. Angeweza kuacha kuimba, akarudi Fumba. Angeweza pia kujibu matusi kwa matusi, na katika mji ule uliopenda mafumbo wasikilizaji wangelifurahia. Alichofanya ni kuwajibu kwa wimbo. Katika jibu hilo hakugombania uzuri wa sura. Aliuweka kando kama kitu kisicho na uzito mkubwa, akaonyesha kwamba thamani ya mtu imo katika akili na tabia yake. Hakukanusha shamba. Hakukanusha umaskini. Alikataa tu kwamba mambo hayo ndiyo kipimo cha mtu. Wimbo wao wa dhihaka leo unakumbukwa kwa sababu yake yeye, na wenyewe waliotunga wengi wetu hatuwajui hata majina.

Naliita jibu hilo moyo mkunjufu wa hali ya juu. Mtu mwenye moyo mzito hulichukua tusi akalifuga. Hulilisha kila siku mpaka likawa kubwa kuliko yeye. Siti alilichukua tusi akalifinyanga, kama mama yake alivyofinyanga udongo, akalitoa likiwa chombo cha kutumia.

Mwaka wa 1928 Siti na wenzake walipanda meli wakaenda Bombay, Bara Hindi, kuimba katika mashine za kampuni ya santuri ya His Master's Voice. Tufikiri habari hiyo vizuri. Umri wake ulikuwa unakaribia miaka 50. Mtoto wa mfinyanzi wa Fumba alivuka Bahari ya Hindi kwa sababu sauti yake ilitakiwa ng'ambo. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki ambaye sauti yake ilitiwa katika sahani za santuri, na nyimbo zake zilizotolewa katika sahani hizo husemwa kuwa zilizidi 150. Kampuni ya Columbia nayo ilimtafuta. Sahani hizo ziliuzwa katika miji ya mwambao wote, na katika miaka ya 1930 walikuwako watu waliosafiri kwenda Unguja ili wamwone kwa macho mwenye sauti waliyoizoea kuisikia. Jambo jingine ni kwamba kwa sahani hizo Kiswahili kilisafiri. Mtu wa mji wa mbali aliyenunua santuri alikuwa anaisikia lugha yetu ikisemwa kwa ufasaha na utamu, miaka mingi kabla ya sisi kuifanya lugha ya taifa.

Nilisema mwanzo kwamba moyo mkunjufu hauifichi shida. Sasa nitaleta ushahidi wa maneno hayo. Miongoni mwa nyimbo mashuhuri za Siti umo ule uitwao Kijiti. Unahusu mambo yaliyotokea kweli Unguja: mwanamke mmoja mgeni kutoka bara alidhulumiwa na kuuawa, na mtu aliyetuhumiwa kwa tendo hilo akatorokea bara. Kesi ilipofika mahakamani, walioadhibiwa ni wanawake waliofika kutoa ushahidi. Siti aliimba habari hiyo waziwazi, mhalifu akitajwa kwa jina, na watu wote wakaisikia dhuluma iliyofanyika barazani pa sheria. Kumbukeni kwamba huyu alikuwa mwimbaji aliyekaribishwa katika majumba ya wakubwa. Ingekuwa rahisi kwake kuimba mapenzi na maua tu, akala chakula chake kwa amani. Kumbe uchangamfu wake haukuwa wa kufumba macho. Alikuwa na furaha ya kutosha kuweza kuitazama huzuni ya mwenzake bila kukimbia.

Hilo ndilo funzo kubwa nililolipata katika maisha yake, na ndilo ninalotaka ndugu zangu walichukue. Watu wengine hudhani kwamba ukiwa mtu wa matumaini mema huna budi kusema kila kitu ni kizuri. Chakula kibaya useme kizuri, mwenzako anaonewa useme ni mzaha, mtihani mgumu useme ni rahisi. Huko ni kujidanganya, na mtu anayejidanganya huanguka siku ya kwanza ya mvua. Siti alisema baya ni baya, tena kwa sauti iliyovuka bahari, lakini hakuliruhusu baya hilo limwondolee wimbo wake.

Katika siku za mwisho za maisha yake Siti alipata kukutana na mwandishi wetu mkubwa Shaaban Robert, aliyemhoji na kuandika habari zake katika kitabu cha Wasifu wa Siti binti Saad, kilichotolewa mwaka wa 1958. Kitabu hicho kilisomwa miaka mingi katika shule za sekondari za nchi yetu. Napenda kuwaza mkutano huo: mmoja aliyekuwa bingwa wa kalamu, mwingine asiyejua kusoma, na wote wawili watumishi wa lugha moja. Bibi Siti binti Saad alifariki tarehe 8 Julai 1950.

Hakufa pamoja na kazi yake. Bi Kidude, mwimbaji mwingine mashuhuri wa Unguja aliyefariki mwaka wa 2013 akiwa mzee sana, aliziimba nyimbo za Siti mpaka uzeeni na kuzifikisha nchi nyingi za dunia. Na waandishi wa habari wanawake wa Tanzania, walioanzisha chama chao cha TAMWA mwaka wa 1987, walilipa gazeti lao jina la Sauti ya Siti. Hawakuona jina jingine linalofaa zaidi kwa gazeti la kusemea haki za wanawake kuliko la binti aliyezaliwa akaitwa Mtumwa.

Niliposimulia habari hizi bwenini, palitokea mabishano makali mpaka kengele ya kulala ikalia. Mwenzangu mmoja alisema kwamba moyo mkunjufu ni kitu cha watu walioshiba. Mwenye njaa hawezi kuambiwa achangamke. Mwingine akasema kwamba Siti alikuwa na kipawa cha sauti, na sisi tusio na kipawa tufanyeje? Nimeyafikiri maneno yao siku nyingi, maana si maneno ya kijinga, nami nitayajibu kadiri ya uwezo wangu.

Kwa yule wa kwanza, nasema kwamba Siti hakuanza kuimba alipokwisha kushiba. Alianza na ngata kichwani. Lakini nakubali kwamba hakuna haki ya kumwambia mwenye njaa achangamke, kisha ukaenda zako kula peke yako. Anayemhimiza mwenzake awe na moyo ni lazima amsaidie mzigo wake, kama Ali Muhsin alivyofanya. Maneno matupu ya kutia moyo ni kama chungu kisichochomwa: kwa mbali kinapendeza, ukikitia maji kinarudi kuwa matope.

Kwa yule wa pili, nasema kwamba kipawa hakijulikani kabla ya kazi. Msichana aliyekuwa akiuza vyungu hakuambiwa na mtu kwamba ana kipawa. Alifanya vizuri kazi iliyokuwa mkononi mwake, na kipawa kikajitokeza humo. Inawezekana kati yetu yumo ambaye kipawa chake kimejificha katika kupika uji kwa zamu, au katika kumweleza mwenzake hesabu, au katika kupanda miche ya miti nyuma ya madarasa. Akizifanya kazi hizo kwa kununa hatakiona kamwe.

Sasa niseme machache kuhusu maisha yetu hapa. Kwetu Songea mwezi wa sita na wa saba baridi ni kali, na kuamka alfajiri kwenda kuoga maji ya baridi kunahitaji ushujaa. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne unakaribia. Wapo miongoni mwetu ambao wamekwisha kujiandikia matokeo yao mioyoni: huyu anasema hesabu hazimtaki, yule anasema kwao hakuna aliyepata kufaulu. Wapo walioambiwa huko walikotoka kwamba kumsomesha msichana ni kutupa fedha. Wapo ambao wazazi wao wameuza mahindi ya chakula ili kulipia nauli na madaftari, na kila wakifungua daftari wanaliona deni. Hizo ni shida za kweli, nami siwezi kuzifuta kwa makala. Lakini kila mmoja wa hao anaweza kuuliza swali moja dogo jioni ya leo: katika jambo hili, ni lipi ninaloweza kulitenda kabla ya kengele ya kulala? Ukurasa mmoja wa historia. Hesabu tatu. Kumwendea mwalimu na kusema hili sikulielewa. Kisha alitende kama Siti alivyonadi vyungu, kwa sauti ya mtu anayeamini kwamba mnunuzi yupo mbele, hata kama haonekani bado.

Na kwa wazazi watakaolisoma gazeti hili, naomba neno moja kwa adabu. Majina mnayotupa hutuingia. Simaanishi majina ya ubatizo au ya akika tu, bali yale mnayotuita mkiwa mmekasirika. Mtoto akiitwa mjinga kila siku, si kila mtoto atakayekuwa na nguvu za Siti za kulivua jina hilo na kujipatia jingine. Mkituita kwa jina jema mapema, safari yetu itakuwa fupi zaidi.

Wenzangu wa kidato cha nne, miezi iliyobaki inahesabika. Tusiwe watu wa kucheka ovyo, wala tusiwe watu wa kulia kabla ya msiba. Tuifanye kazi iliyo mbele yetu kwa moyo mkunjufu, na atakayeangushwa na swali moja ainuke ashike la pili. Nawatakieni nyote mtihani mwema, na walimu wetu nawatakia afya na subira ya kuendelea nasi.